Hakuna Kisanduku cha Ila

Jumatatu jioni, alipomaliza kuosha vyombo, Mwanakombo alitia makaa kwenye pasi, akanyoosha shati jeupe la mumewe na suruali yake ya kaki, akavitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa uani. Kesho yake ilikuwa Jumanne ya kwanza ya mwezi wa nne, siku ya kliniki ya moyo. Twalib alikuwa na siku kumi na tisa kaburini, na si adabu mtu kwenda hospitali na sanda.

Alikuja alfajiri, akavaa, akatoa kadi yake kabatini, akaondoka. Mwanakombo alikuwa kwenye eda, hawezi kutoka, basi alimsindikiza kwa macho mpaka kona ya duka la Mpemba. Binti wa jirani aliyekuwa akifagia uwanja alimwamkia Twalib shikamoo, akaendelea kufagia. Kifuani mwa marehemu mlikuwa na mashine iliyotoka India, betri yake ya miaka saba haijamaliza hata mmoja, na kadi ilikuwa imejazwa tarehe mpaka Desemba. Mtu mwenye tarehe huenda.

Twalib alikuwa fundi majokofu pale Tandika. Miaka ile bidhaa zilikuwa zimeruhusiwa kuingia, majokofu chakavu ya Dubai yakaja kwa makontena, kila mwenye genge akataka kuuza soda baridi, na kazi ikamwandama mpaka Ijumaa. Halafu akaanza kuanguka. Anaanguka na bisibisi mkononi, akizinduka anaulizia bisibisi. Madaktari walisema moyo wake unasahau kupiga. Wafadhili wa kigeni wa ile kliniki wakampeleka Madras, India, akarudi na kidude kama kiberiti chini ya ngozi, karibu na mtulinga, kinachopiga mara sabini kwa dakika. Hakuanguka tena hata siku moja. Akaacha kulala badala yake.

Alikuwa anakaa kitandani kashika kifua, macho yamemtoka. Hakumgusa mkewe tena. Kazini hakwenda, majokofu ya watu yakajaa barazani mpaka kuku wakataga ndani. Mwanakombo alimpikia uji wa pilipili manga, akamwambia amshukuru Mungu, wangapi wameikosa bahati ile. Twalib alisema atamweleza Dokta, maana kule kliniki mambo hayo wanayauliza.

Na kweli yalikuwa yanaulizwa. Wafadhili walileta fomu pamoja na zile mashine, kwa sababu kwao walishagundua kwamba mtu anayewekewa chombo moyoni huweza kuugua roho. Fomu ilikuwa na maswali tisa: unalala, unakula, unalia, unaogopa, umewahi kutamani kufa, na mengine ya namna hiyo. Kila swali lilikuwa na visanduku viwili, kimoja cha vizuri na kimoja cha vibaya. Kazi ya kuuliza alipewa Leonardi, tabibu msaidizi, mtu wa Songea, mpole, shati lake safi siku zote, kila mtu akimwita Dokta. Wagonjwa walikuwa wengi na asubuhi ni moja. Leonardi akayakunja maswali yote tisa yakawa moja. Anauliza, "Habari?" Mgonjwa anajibu, "Nzuri." Leonardi anatia alama tisa kwenye vizuri, anaita, "Anayefuata."

Sasa, sie watu wa nchi hii tunajuana. Mtu ukimuuliza habari, hata kama katoka kuzika asubuhi hiyo, atakwambia nzuri. Huwezi kumtupia mwenzio shida usoni hajakaa sawa. Unasema nzuri, unavuta pumzi, ndipo unasema ila. Ila mtoto anaumwa. Ila nyumba imeungua. Aliyeuliza anajua, anasubiri. Leonardi alijua vilevile. Kwao Songea ni hivyohivyo, na nyumbani mkewe Yuliana akisema nzuri, yeye hutega sikio. Pale mezani hakutega. Mara nane Twalib alisema, "Nzuri, ila," na mara nane jina la mtu mwingine likaitwa.

Baada ya ile mara ya nane alipanda vilima vya Pugu peke yake, akaenda kwenye shimo la zamani la kuchimbia udongo mweupe, lililojaa maji ya mvua. Viatu vyake vilikutwa ukingoni, vimepangwa, soksi ndani. Mzee aliyemwosha alisema kidude kilikuwa kinaendelea kupiga chini ya ngozi wakati wanamvisha sanda, na walikubaliana kukiacha, maana ni mali yake.

Matanga hayajaanuliwa, Jabiri akaanza. Jabiri ni mdogo wake Twalib, alikuwa na kibanda cha mitumba na jicho kwenye ile nyumba ya vyumba vinne siku nyingi. Alikwenda hospitali, akaonyeshwa faili, akarudi nalo kichwani neno kwa neno. Kaka alikuwa mzima, aliwaambia wazee wa ukoo. Kaulizwa mara nane kama ana dhiki, kajibu nzuri mara nane. Mtu ambaye hospitali anasema nzuri, akirudi nyumbani anakwenda kujitosa, basi tatizo liko nyumbani. Wazee walisikiliza, wakaamua. Kama hospitali itaandika kwamba Twalib alikuwa mgonjwa wa roho na kwamba alisema, mjane atapata haki yake na nyumba atakaa. Kama haitaandika, basi yeye ndiye aliyemsukuma mumewe, na aliyesukuma harithi. Watoto hawakuwa nao. Kikao cha mwisho kiliwekwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi.

Mwanakombo alisikia hayo akiwa chumbani, kajifunika, haruhusiwi hata kusimama mlangoni akajibu. Hasira iliyomshika siku ile haikumtoka tena. Jabiri alimjua tangu zamani kwamba ni Jabiri, na hakupoteza muda kumshangaa. Hasira yote aliielekeza kwenye ile meza na ile kalamu, kwa mtu ambaye hakumjua hata sura.

Twalib aliendelea kwenda kliniki. Mwezi wa tano, wa sita, wa saba. Akirudi alirudisha kadi kabatini, akakaa kwenye kiti chake mpaka adhana ya magharibi, akavua nguo, akaenda zake. Mkewe alimsemesha mpaka akachoka. Yule mzee mwoshaji alimweleza kwamba maiti aliyekatizwa neno hawezi kulimalizia popote isipokuwa kwa yule aliyemkatiza. Mwanakombo aliona ni sawa, akazidi kuchukia.

Eda ilipokwisha alivaa khanga mpya, Jumanne ya kwanza ya mwezi wa nane akaongozana na mumewe. Benchi lilikuwa limejaa. Wagonjwa walisogea kidogo, wakampisha Twalib akae, mmoja akalalamika tu kwamba anatoa baridi. Ukutani juu ya meza ilitundikwa barua ya pongezi kwenye fremu. Wafadhili walikuwa wameandika kwamba katika wagonjwa mia mbili na kumi na wawili wa kliniki ile hakuna hata mmoja mwenye huzuni, jambo ambalo hawajaliona penginepo duniani.

"Habari, mzee?" aliuliza Leonardi, kalamu tayari.

"Nzuri, ila," alisema Twalib.

"Anayefuata."

Mwanakombo hakumpisha anayefuata. Alimwamkia Leonardi kwa heshima zote, akajitambulisha, akaeleza habari ya kikao. Akamwomba amuulize mumewe tena, asubiri, aandike atakachosikia. Leonardi alimsikiliza kwa upole mkubwa, maana mpole alikuwa kweli.

"Mama, mie nimemsikia kwa masikio yangu. Kasema nzuri."

"Kasema nzuri, ila."

Leonardi aligeuza fomu amwonyeshe, akapitisha kalamu juu ya visanduku kimoja kimoja. "Vizuri hiki hapa. Vibaya hiki hapa. Hakuna kisanduku cha ila, mama. Ningekipata wapi?"

Mwanakombo aliitazama fomu. Akamtazama na Leonardi, kucha zake fupi, kola yake iliyopigwa wanga. Kisha akamgeukia mumewe, akasema kwa sauti ya kawaida, benchi zima likisikia: "Nyumbani usirudi. Mfuate huyu, ukae kwake mpaka akusikilize." Twalib hakuwahi kumkatalia mkewe jambo alipokuwa hai, na hakuanza siku ile.

Leonardi alikaa Kinondoni, nyumba ya kupanga yenye kibaraza. Jioni Yuliana aliwaona wawili wakiingia, akaongeza kikombe. Twalib hakunywa. Alipewa kiti cha kamba kibarazani na hapo ndipo alipokaa, usiku na mchana. Watoto walimwita babu, na chupa za maji waliziweka chini ya kiti chake zipate ubaridi. Kila asubuhi Leonardi alipotoka alimwambia habari ya asubuhi, kwa mazoea. Twalib akajibu nzuri, ila. Leonardi akasema anayefuata, kwa mazoea vilevile, akaenda kazini.

Wiki ya tatu moyo wa Leonardi ulishika mwendo wa ile mashine. Sabini. Akipanda ngazi, sabini. Akilala, sabini. Mwanawe wa mwisho aliponusurika kugongwa na lori la mchanga, Leonardi alikimbia kumdaka na moyo haukuongeza hata pigo moja. Miguu ikamwisha njiani, akapiga magoti barabarani. Ilipoletwa simu ya kifo cha mama yake, alikaa kitako asubiri kulia, na kilio hakikuja, kwa sababu kilio kinataka moyo uende mbio. Usiku alikaa kitandani kashika kifua, macho yamemtoka. Kazini walimuuliza habari. Akawajibu nzuri, na alipofika kwenye ila, wote walikuwa wameshageuka.

Mwanakombo alikuwa akiletewa habari hizi na mwenye genge anayechukua mchicha Kinondoni, na zilimnenepesha. Tusidanganyane, zilimnenepesha. Alianza kula vizuri, akapaka wanja. Akikaa uani kuchambua mchele alimhesabia Leonardi siku zake za kutolala, akaona bado hazijafika za Twalib.

Jumapili moja katikati ya mwezi wa tisa, baada ya ibada, Leonardi na Yuliana walibisha hodi Tandika na kilo mbili za sukari. Mwanamume alikuwa amekonda, kola imepwaya. Mwanakombo aliwakaribisha kwenye mkeka, akawapa maji ya kunywa. Leonardi alisema anataka kuandika. Faili liko mikononi mwake, mhuri anao, kesho asubuhi ataandika kwamba Twalib alijaribu kusema mara nane na akazuiwa, na jina lake mwenyewe ataliweka chini. Aliomba kitu kimoja, mzee yule aitwe arudi kwake.

Hapo ndipo mwanamke mwenye nyumba ya kuokoa angesema ndiyo. Wiki tatu zilibaki, mtu kaja mwenyewe, kalamu mfukoni. Mwanakombo alilijua hilo vizuri kabisa. Lakini alikuwa ameingoja siku hii kwa miezi sita, na alipomwona Leonardi kashika kifua, aliona raha ambayo hakuwa ameipata tangu Twalib aende Madras. Alijitengeneza khanga begani. Akamuuliza, "Habari za nyumbani, Dokta?"

Leonardi aliinua uso. "Nzuri, mama, ila..."

"Anayefuata," alisema Mwanakombo.

Nyuma ya Leonardi hapakuwa na mtu. Yuliana aliutazama mkeka. Leonardi akasimama, akasema asante kwa maji, wakaondoka. Sukari waliiacha. Mwanakombo alijiambia atakwenda kuichukua ile barua Jumanne ya kliniki, siku nne kabla ya kikao. Zile wiki mbili zilizobaki ziwe za Leonardi kuumia. Usiku ule alilala fofofo.

Jumanne ya kwanza ya mwezi wa kumi alifika mapema na bahasha mpya ya kutilia barua. Mezani hakuwapo Leonardi. Alikuwapo kijana anaitwa Gaudens, tai shingoni, kalamu mbili mfukoni. Leonardi alikuwa kwenye benchi, kakaa bega kwa bega na Twalib, kadi ya kliniki mkononi. Alikuwa ameanguka kazini Alhamisi iliyopita, daktari mkubwa akampima akakuta sabini kamili, akampima tena akiwa anakimbizwa uwanjani, sabini kamili. Mashine kifuani hana, lakini mapigo yake ni ya mashine, na utaratibu unaangalia mapigo. Kaandikishwa mgonjwa, nafasi yake ikajazwa kesho yake.

Mwanakombo alikaa pembeni yao. Leonardi hakumlaumu.

"Nilimuuliza, mama," alisema. "Juzi Jumamosi. Nilivuta kiti nikakaa mbele yake, nikamwambia, ila nini, mzee wangu? Kanieleza mpaka jua limezama."

"Kasema nini?"

"Kasema hata jokofu lina kukata. Likishapoa linakata, linapumzika, ndiyo maana linadumu. Hiki hakikati. Kasema akilala anaona kama moyo si wake, ni wa watu waliomwazima, na yeye ni kabati tu la kuuhifadhia. Anaogopa hatakufa. Kasema alikuwa anataka mtu amwambie kama wengine nao wako hivyo, au ni yeye peke yake." Leonardi alionyesha watu kwa kadi yake. "Wengine nao wako hivyo, mama. Sasa nawauliza hapa benchi zima. Wako hivyo."

Mwanakombo alikuwa hajawahi kuyasikia maneno hayo. Yalimchoma, akakumbuka uji, akaona aibu, kisha hasira ikarudi mahali pake. Akamwambia Leonardi aandike sasa hivi. Leonardi alikuwa ameshaandika, karatasi mbili, mwandiko mzuri. Wakazipeleka mezani.

Gaudens alizisoma zote, hakuruka mstari. Akasema kwa heshima kwamba faili la mgonjwa husahihishwa na mhusika wa meza, na mhusika wa meza sasa ni yeye. Leonardi ni mgonjwa, na mgonjwa hawezi kusahihisha faili la mgonjwa mwenzake. Mwanakombo akamwambia basi asahihishe yeye. Gaudens akajibu kwamba atafanya hivyo kama atasikia mwenyewe. Akamgeukia Twalib.

"Habari, mzee?"

Twalib alikuwa ameshasema yote Jumamosi. Hakubakiwa na kitu.

"Nzuri," alijibu.

Gaudens alisubiri kidogo, tuseme haki, alisubiri. Kisha akatia alama tisa.

Jumamosi wazee wa ukoo walikaa sebuleni. Twalib alikuja pia, maana kwa Leonardi alikuwa amemaliza, akapewa kiti chake na kikombe cha kahawa. Mwanakombo aliwaomba wamuulize wenyewe. Mkubwa wao alisema ushahidi wa marehemu katika mirathi yake mwenyewe haujawahi kupokelewa katika ukoo ule. Zile karatasi za Leonardi hazikuwa na mhuri. Jabiri alisimama na hesabu aliyoichukua upya hospitali. Kaka alisema nzuri mara nane akiwa hai, alisema, na huyu shemeji akamtilia shaka. Haya, tangu afe kaulizwa mara saba, na mara saba kasema nzuri. Na ya mwisho kaitamka kavu, hakuna hata ila. Kwa hiyo mtu alipotoka tu katika mikono ya mwanamke huyu, kapona. Wazee walitikisa vichwa, wakaona mantiki yake. Mwanakombo akapewa mpaka Jumatatu.

Hakulia mbele yao. Alifunga masufuria kwenye shuka, akakunja godoro. Kabla ya kutoka alimwendea mumewe pale kitini, akamfunga kifungo cha shati kilichofunguka. Akamwambia kwa sauti ya chini kwamba asihangaike kurudi makaburini, hapa ni kwake. Akae na mdogo wake. Asimwambie lolote, akae tu. Twalib aliitikia kwa kichwa.

Mwanakombo alihamia Kipawa kwa dada yake Raudha, chumba cha uani. Siku zikaenda. Jabiri alipaka nyumba rangi ya kijani, akapangisha vyumba viwili, na cha mbele akaingia yeye na mkewe. Marehemu alikuwa sebuleni, hasumbui. Kliniki ya Desemba Raudha alipita kule hospitali kumpeleka mkwewe, na jioni akarudi na habari. Jabiri yuko kwenye benchi, kadi mkononi, kakonda, kashika kifua, kakaa kati ya Leonardi na Twalib. Gaudens kamuuliza, kamwandika vizuri kama wengine. Barua ya pongezi kwenye ukuta ni mpya, sasa ni wagonjwa mia mbili na ishirini.

Mwanakombo aliuliza mapigo ya Jabiri ni mangapi. Raudha alisema sabini. Mwanakombo akafurahi, akaificha furaha ile mpaka ikaisha yenyewe. Kisha akauliza habari ya nyumba.

"Nyumba yuko nayo mke wake," alisema Raudha. "Kaweka na jokofu barazani, anauza barafu."

Mwanakombo aliendelea kukata mchicha.